Nyuzi Nene kwenye Gitaa la Mzee Makokha

Iko Ijumaa moja ya mwezi wa nane ambayo hunirudia kila nikishika gitaa, mwanangu Jerono. Sikuwa na mvi hata moja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mfumaji katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret, na siku hiyo nilisimama mlangoni mwa Mzee Makokha, kule Chepsaita, nikiwa nimebeba gitaa lake ndani ya gunia safi. Mzee aliniuliza swali moja. Nilimjibu kwa maneno matatu. Nimezika wazazi tangu hapo, nimelea watoto, nimestaafu, lakini maneno hayo matatu bado sijamaliza kuyajutia.

Nakusimulia kwa sababu Jumapili iliyopita uliniomba nikusaidie kuyasema tena. Najua wewe hukuona hivyo. Ulikuja baada ya ibada na gitaa la kanisa, ukaliweka juu ya meza yangu kando ya chai, ukaniambia, "Mzee, hii gita imefura. Niliwekea nyuzi nono ndio besi itoke. Niibandikie tu vizuri, niirudishe Jumapili kabla pastor ajue." Halafu ukakimbilia chuo, ukaniachia gitaa na siri juu yake. Sikukujibu, na nadhani ulichukua kimya changu kuwa ndiyo. Kimya cha mzee si ndiyo kila mara, mwanangu. Mara nyingine ni magoti yanauma, na mara nyingine ni kumbukumbu.

Sasa kaa unisikilize.

Sisi tuliotoka magharibi tukaja huku kutafuta kazi za kiwanda hatukuja na mengi, lakini gitaa kavu, lile lisilo la umeme, halikukosekana. Na tulilipiga kwa namna yetu. Kidole gumba kilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikacheza na nyembamba, na mtu wa pili alikaa kando akigonga na kukwaruza chupa ya soda kwa msumari. Basi. Hakukuwa na ngoma, wala spika, wala mtu wa besi aliyesimama nyuma akitikisa kichwa. Besi ilikuwa kidole gumba chako, na kama kidole gumba chako kilikuwa kizembe, watu walijua kabla hujamaliza ubeti.

Mzee Makokha alikuwa msimamizi wa zamu yetu kiwandani. Mtu mfupi, mpole, mwenye masikio ya ajabu. Katikati ya kelele zile zote za mashine angeinua kichwa na kusema, "Hiyo ya tano, uzi umekatika," na ukienda unakuta kweli. Kwenye gitaa ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Mkewe, Mama Robai, ndiye aliyemgongea chupa miaka yote. Walialikwa harusi, walialikwa matanga, walialikwa hata na watu ambao hawakuelewa lugha ya nyimbo zao. Ukimwona Mama Robai na chupa yake ungedhani amekuja tu kumsindikiza mume. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimwongoza.

Halafu Mama Robai akafariki. Walimzika kwenye shamba lao dogo huko Chepsaita, na Mzee akalifunga gitaa ndani ya blanketi. Miezi ilipita. Sisi vijana tulifikiri hatalishika tena. Lakini siku moja baada ya zamu aliniita nyumbani kwake, akalifungua lile blanketi, akanipigia wimbo aliokuwa ametunga. Ulikuwa na beti tatu, akasema, lakini alinipa ubeti wa kwanza tu. Mbili zilizobaki hakutaka mtu azisikie kabla ya mwenyewe. Mwenyewe ni Mama Robai. Ilikuwa imepangwa kwamba ukitimia mwaka, jamaa watakutana, kaburi lijengewe, maombi yafanywe, na siku hiyo Mzee angemwimbia mkewe wimbo wote.

"Sikiza huu uzi mnene," aliniambia. "Huyu ni Mama Robai akitoka mtoni na maji. Ona vile anatembea. Hana haraka."

Nilisikia, mwanangu. Naapa nilisikia. Kidole gumba chake kilikwenda polepole, uzi ukanguruma kidogo tu, na mwanamke akapita mbele yetu na mtungi kichwani. Mimi kijana mpumbavu nikamwambia Mzee ni wimbo mzuri, ila besi ni ndogo. Ungekuwa na nyuzi nene zaidi, nikamwambia, ingesikika mpaka barabarani.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba gitaa lile lilitengenezwa kwa mbao nyepesi, na miaka imelifanya liwe jepesi zaidi. Yeye huliwekea nyuzi za namba kumi na moja, na hata hapo hulilegeza kidogo kuliko wengine. Uzi ukiwa mnene, akasema, na wewe unautaka utoe sauti ileile, lazima uukaze zaidi, na ukiukaza, unavuta. Nyuzi sita zote zinavuta mahali pamoja. Mwamba ngozi huvutia kwake, akasema, na gitaa halina mdomo wa kusema limechoka. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mwezi wa nane ukafika. Rafiki yangu wa kiwandani alikuwa anaoa Cheptiret, akaniomba nipige. Nilifurahi mpaka niliposikia kwamba upande wa bibi harusi wanaleta bendi kutoka mjini, yenye spika na gitaa la besi la umeme. Sikuwa na gitaa langu. Nilimwendea Mzee Makokha, naye akanipa lake. Alinipa, mwanangu, gitaa alilokuwa amelifungia blanketi kwa msiba wa mkewe, na sharti lilikuwa moja: lirudi Ijumaa ya wiki inayofuata. Jumamosi yake ilikuwa siku ya Mama Robai.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi niliazima, halafu nikaenda kuipunguza na kuishona upya.

Kulikuwa na duka moja mjini lililouza redio, betri, na nyuzi za gitaa zilizoning'inia ukutani kwenye pakiti. Niliingia kifua mbele. Mimi ni mtu wa nyuzi, nilijiambia, kazi yangu ni nyuzi. Kiwandani namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, kwa hiyo niliomba pakiti yenye namba ndogo kabisa. Mwenye duka akanitolea za namba tisa, nyembamba kama nywele. Akacheka, akanieleza kwamba kwenye gitaa mambo ni kinyume, namba ikipanda uzi unanenepa. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza ni nini kingine asichokijua. Mimi nikamwambia, basi nipe zile kubwa kuliko zote. Akanipa za kumi na tatu, na kwa uzi wa sita nikachagua mwingine wa peke yake, mnene kupita ule wa pakiti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Kiwandani hakuna mtu anayeweka uzi wa gunia kwenye mashine iliyopangwa kwa kitambaa cha shati. Ukifanya hivyo, kwanza unavunja mashine, pili unaitwa ofisini. Jambo nililolijua kwa mashine ya tajiri nilikataa kulijua kwa gitaa la maskini mwenzangu.

Nyuzi mpya hazikuingia kwenye vijia vya pale juu shingoni. Nikavipanua kwa msasa. Nikakaza mpaka sauti ileile ya kawaida, sikulegeza hata kidogo. Halafu nikapiga uzi wa sita, na mwanangu, sitakudanganya: ilikuwa besi. Nilihisi kifuani. Watu wa nyumba za jirani walitoka nje. Nilijiona mwerevu kuliko mwalimu wangu.

Kule Cheptiret nilipiga nyimbo nne. Ile bendi ya umeme ilikuwa bado inahangaika na nyaya zao, na watu wakacheza na mimi. Mama mmoja mnene alinipangusa jasho kwa leso yake, wazee wakasema kijana huyu ana mkono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilizidi kupiga kwa nguvu, kidole gumba kikashuka kama nyundo, na katikati ya wimbo wa nne nikasikia mlio mdogo tumboni mwa gitaa, kama kijiti kimevunjwa. Nilimaliza wimbo. Nilipoliangalia chini ya mti, nikaona kile kibao kidogo ambapo nyuzi zote hufungwa, kile kilichobandikwa juu ya tumbo la gitaa, kimeinuka upande wa nyuma. Sarafu ingeingia chini yake. Na tumbo lenyewe lilikuwa limevimba, vilevile kama hili la kanisa lilivyovimba mezani kwangu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na siku sita mbele yangu, na nataka uzihesabu siku hizo vizuri, kwa sababu ndizo dhambi yangu. Kuvunja kilikuwa kiburi cha ujana, na ujana husamehewa. Hizo siku sita hazikuwa ujana.

Jumatatu nilimpelekea fundi wa mbao. Alilikagua, akaniambia kibao hicho kitolewe kabisa, gundi ya zamani ikwanguliwe, kibandikwe upya, kibanwe, na gitaa likae bila nyuzi siku kadhaa. Na hata hapo, akasema, mwenyewe aambiwe, asilikaze haraka. Niliposikia neno mwenyewe aambiwe, nikalichukua gitaa langu nikaondoka. Hapo nimesema gitaa langu. Unaona jinsi ulimi unavyozoea.

Jumanne na Jumatano nilikutana na Mzee kiwandani kila siku. Aliniuliza harusi ilikuwaje, nikamwambia ilikuwa nzuri. Aliniambia binti yake Nekesa ameanza kujifunza kugonga chupa ya mama yake, na anakosea lakini anajitahidi. Alikuwa anatabasamu. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara mbili nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho. Nilijiambia pia kwamba mtu mwenye msiba haongezewi mzigo, na hapo nikajiona mwema, kana kwamba naficha kwa ajili yake.

Alhamisi nilinunua gundi ya mbao, nikaisukuma chini ya kibao kwa kisu bila kukwangua chochote, nikalaza jiwe juu yake usiku mmoja. Asubuhi nikarudisha nyuzi zake za zamani, ambazo nilikuwa nimezikunja na kuzihifadhi. Kwa mbali huwezi kujua. Hata kwa karibu, nilijiambia.

Ndiyo Ijumaa ile sasa. Nilifika Chepsaita alasiri, manyunyu yakianza. Wajomba walikuwa wamefika, mawe na simiti ya kaburi tayari, akina mama wakipepeta mchele. Mzee alilipokea gitaa, akalitoa guniani, akapitisha kiganja juu ya tumbo la gitaa taratibu. Akapiga uzi wa sita mara moja. Akaliinamisha kidogo kwenye mwanga. Kisha akaniangalia mimi, si gitaa.

"Barasa," akasema, "gita iko sawa?"

"Liko sawa, Mzee."

Hayo ndiyo maneno matatu.

Jumamosi watu walijaa uani. Kaburi lilikuwa limejengewa vizuri, mchungaji akahubiri, mashemeji wakazungumza. Kisha Mzee Makokha akaketi kwenye kiti karibu na kaburi, akakaza nyuzi kidogo, na Nekesa akaketi pale ambapo mama yake angeketi, chupa mkononi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wajomba.

Ubeti wa kwanza ulipita. Mama Robai alitoka mtoni, akapita mbele yetu na maji yake, na nikaona mwanamke mzima, dada wa marehemu, akiinama na kujifunika uso kwa kitambaa. Mzee akafumba macho. Akaingia ubeti wa pili, akaimba maneno mawili au matatu, na kibao kikang'oka. Nyuzi zote sita zikalegea kwa pamoja, na kibao kikamgonga kwenye kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Nekesa, kwa kutojua afanye nini, aliendelea kugonga chupa peke yake. Sitasahau sauti hiyo maadamu nina masikio. Chupa ikigonga, na hakuna anayetembea.

Mzee alimshika binti yake mkono, naye akaacha. Kisha akawaambia wageni kwa upole kwamba gitaa limezeeka kama mwenyewe, wasihuzunike, tuombe. Hakunitazama. Watu wakaomba, wakala, wakaagana. Wakasema ni kazi ya Mungu. Mtu mmoja alinishika bega, akanipa pole kwa sababu alijua Mzee ni mwalimu wangu, na mimi nikaipokea pole hiyo.

Wageni walipopungua aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa anazikunja nyuzi moja moja, kama tulivyokunja nyuzi kiwandani. Nikasema, "Pole, Mzee." Hilo tu ndilo nililoweza. Pole ni neno ambalo hata mpita njia husema.

Akaniambia, "Barasa, gundi niliiona jana. Ilikuwa imetokea kando, nyeupe. Lakini nilikuuliza na ukanijibu. Nilikuwa na macho yangu na nilikuwa na neno lako, nikachukua neno lako." Akamaliza kukunja uzi. "Ungeniambia jana, ningeazima ingine hapo Turbo. Kuna mwalimu wa kwaya ako nayo. Ni karibu."

Hakuongeza neno. Angenipiga ingekuwa afadhali. Angenitukana mbele ya wajomba ningepata hata nafasi ya kukasirika. Lakini alisema hivyo tu, akaliweka gitaa ndani ya gunia langu lilelile, akaingia ndani.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo nilianguka miguuni pake nikatubu, tukapatana, akanifundisha beti zote. Hadithi za kwenye simu zenu huisha hivyo. Mimi niliomba kuhamishiwa zamu nyingine. Nilijiambia moyo wake utulie kwanza, kisha nitaenda nimwambie yote, za namba kumi na tatu, msasa, fundi wa mbao, jiwe. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Siku moja nilimkuta mjini kwenye foleni ya unga, amekwisha kustaafu, amepungua mwili. Alinisalimia vizuri, akauliza habari ya mke wangu na mtoto wetu wa kwanza. Nilivuta pumzi nianze. Akatokea jirani yake mmoja wa Chepsaita, wakaanza kuongea habari ya mahindi, na mimi nikaona hiyo ni sababu ya kutosha, nikaaga. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Nilimwona Mzee Makokha akitembea na mfuko wake wa unga, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Nilikwenda mazishini. Nekesa alinitafuta katikati ya watu, akaniletea gitaa ndani ya lile blanketi. Alikuwa amekuwa mama mwenye watoto. Akaniambia, "Baba alisema hii ni yako. Alisema ni wewe unajua penye iliumia."

Nilimuuliza kuhusu ubeti wa pili na wa tatu, kama aliwahi kumsikia baba yake akiziimba ndani ya nyumba, kama aliziandika mahali. Akasema hapana. Baada ya siku ile hakuimba tena. Walipomuuliza, alisema wimbo ule aliutungia mtu mmoja, na siku ya kumwimbia ilipita.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Nimelitengeneza gitaa lile mara mbili kwa mikono ya mafundi wa kweli, na linapiga. Nina ubeti mmoja. Nimejaribu kutunga nyingine, nikaona ni wizi juu ya wizi. Mke wa mtu alitoka mtoni na maji, na hajafika nyumbani mpaka leo, kwa sababu kijana mmoja alitaka besi.

Sasa kuhusu besi, maana hukuja kwangu kulia, ulikuja kutafuta besi. Anza na gitaa, usianze na duka. Lile la kanisa ni la mbao nyepesi kama la Mzee, tena limepigwa na kila mtu. Liwekee namba kumi na moja. Ukitaka mngurumo, zinenepeshe kwa hatua moja zile nyuzi mbili au tatu nene peke yake, nyembamba uziache zilivyo, kisha shusha sauti ya gitaa zima kidogo. Kwaya haitalalamika. Yule mama wa sauti ya kwanza amekuwa akiipanda noti ile ya juu kama mtu anayepanda ukuta, na atakushukuru. Piga kwa nyama ya kidole gumba, si kwa ukucha, na usogeze mkono karibu na shingo. Ukimaliza, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kwani jasho na vumbi humeza besi kuliko wembamba. Kila wiki lishike gitaa kiubavu uangalie tumbo lake. Likianza kuinuka, limekuambia. Halina njia nyingine ya kusema. Na Mzee Makokha, kwa nyuzi zake za kumi na moja zilizolegezwa, alikuwa na besi ambayo sijaisikia tena, si kwa gitaa kavu, si kwa la umeme, kwa sababu alikuwa na habari ya kusema na hakuwa na haraka.

Hayo ni ya nyuzi. La pili ni hili, na ndilo zito. Kitu cha watu kikivunjika mikononi mwako, kiseme kingali kimevunjika. Usingoje kishikane kwanza. Mficha uchi hazai, nawe ukificha ufa huzibi. Mwenye kitu ana haki ya kujua kabla hajakaa nacho mbele ya watu. Pengine atakasirika. Mchungaji wetu namjua, atakunja uso, atasema maneno mawili ya Kizungu, halafu atauliza gitaa litapona lini. Na pengine kuna jingine karibu la kuazima, kama lile la Turbo, ambalo hutalijua kamwe kwa sababu hukufungua mdomo. Na kama umeshadanganya, mwanangu, usingoje moyo wa mtu utulie. Nenda ungali unaogopa. Mimi nilingoja hofu iishe, ikaisha siku niliyotupa udongo kaburini.

Gitaa la kanisa liko hapa mezani. Nimelegeza nyuzi zako zote ili lipumue, na sijafanya zaidi ya hapo. Gundi nzuri nimenunua, iko kando ya kikombe changu, haijafunguliwa. Nitaifungua siku utakaponiambia kwamba mchungaji anajua, na tutaikwangua ile ya zamani pamoja, tutabana kibao, tutangoja siku zote zinazostahili kungojwa. Jumapili hii kwaya iimbe bila gitaa. Haitakufa. Na wakati gundi inakauka nitakufundisha ubeti wa kwanza wa Mzee Makokha, ili usipotee na mimi.

Mungu akubariki, mwanangu Jerono. Akupe kidole gumba chenye subira na mdomo mwepesi wa kukiri. Akupe watu watakaochukua neno lako kuliko macho yao, na akujalie usiwaangushe. Na ufike uzeeni ukiwa na nyimbo zako zote, na kila wimbo ukiwa na beti zake zote.